Kabla ya Kulaumu Mbeleko: Shida za Kila Siku, Vyanzo Vyake na Tiba

Nauza vitambaa vya mivumba, yaani mitumba, Kampala, na kona moja ya meza yangu ni ya mbeleko tu. Si kanga wala kitenge. Ni zile ndefu za kufumwa, mita nne, mita tano, zinazojitokeza katikati ya mashuka na mapazia robota likifunguliwa. Wengi hudhani ni pazia lililopotezana na mwenzake. Mama akishaambiwa ni nini hununua kwa furaha, kisha baada ya wiki moja anarudi akiwa amekasirika: "Dada, kitambaa chako kinaniangushia mtoto."

Mara nyingi kitambaa kinasingiziwa. Nikimwomba afunge mbele yangu, kosa huonekana hata kabla hajafika kwenye fundo. Ndiyo sababu hapa chini, kila shida naianza na ufungaji, halafu mkao wa mtoto, halafu urefu na uzito wa kitambaa, na aina ya uzi naiacha mwisho. Anayeanza na uzi huishia kununua mbeleko tatu na shida ikabaki ileile.

Dalili zisizosubiri: mtoe mtoto kwanza

Kuna mambo ambayo hutafuti chanzo chake ukiwa bado umembeba. Unafungua, unamlaza chali mahali pa wazi, ndipo unaangalia:

- midomo au ulimi umekuwa wa bluu au kijivu;
- anaguna akipumua, au mbavu zinabonyea ndani kila anapovuta hewa;
- amelegea, ukimkuna unyayo haamki;
- ana joto la 37.5 au zaidi naye hajafikisha miezi miwili, au anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia;
- amekataa kunyonya, au amepata degedege.

Lolote kati ya hayo ni safari ya kituo cha afya saa hiyohiyo. Kama kuna mhudumu wa afya wa kijiji karibu nawe, yaani VHT, mwite akusindikize, lakini usikae kumsubiri.

Walio kwenye hatari kubwa zaidi ni watoto wa chini ya miezi minne, njiti, waliozaliwa na uzito mdogo, na wenye kifua au mafua. Mwaka 2010 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa onyo kuhusu mbeleko za begani kwa watoto wa umri huo, kwa sababu shingo zao hazina nguvu ya kuinua kichwa pale njia ya hewa inapojibana. Onyo hilo halina maana kwamba njiti asibebwe. Njia ya kangaruu, ya kumweka njiti kifuani ngozi kwa ngozi, ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ianze mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Lakini hiyo unafundishwa na mkunga wodini, kwa kitambaa atakachokuonyesha yeye. Usijifunzie kwangu mezani.

Kidevu kimelala kifuani, au uso hauonekani

Chanzo cha kwanza ni ulegevu sehemu ya juu. Mtoto anajikunja kama barua, kidevu kinashuka. Pitisha vidole viwili chini ya kidevu. Visipopita, kaza upya ule ukingo wa juu, kuanzia mgongoni mwako kuja mbele.

Chanzo cha pili ni kumlaza ubavu kama yuko kwenye machela. Wengi wanapenda hivyo kwa kichanga kwa sababu anaonekana amestarehe. Msimamishe wima, tumbo lake kwenye kifua chako, uso umegeukia upande mmoja, kichwa kiwe juu kiasi cha wewe kukibusu kwa kuinamisha kidogo tu.

Cha tatu ni baridi. Asubuhi ya mvua mama hufunika kila kitu, kichwa na uso, kwa shali juu ya mbeleko. Hewa anayoitoa mtoto ndiyo anayoivuta tena. Mvalishe kofia, shali iishie mabegani mwake. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu naliona kila msimu wa mvua kwenye foleni za takisi, na mama mwenyewe anaamini anamkinga.

Jaja zetu, yaani bibi zetu, walibeba vichanga mgongoni tangu wadogo, na wanaobeba hivyo tangu ujana wanamsikia mtoto akipumua kwa ngozi ya mgongo wao. Kama wewe unajifunza sasa, baki mbele mpaka shingo ikaze.

Mtoto anashuka baada ya nusu saa

Hili ndilo lalamiko namba moja, na ndilo lenye vyanzo vingi.

Kinachoongoza ni ulegevu uliobaki katikati ya kitambaa. Watu hufunga wakiwa wamelegeza, halafu wanavuta ncha mbili kwa nguvu zote wakifika kwenye fundo. Fundo haliondoi ulegevu, linaufungia ndani. Mbeleko hukazwa kama kamba za kiatu kirefu: hatua kwa hatua, kila mkunjo peke yake. Shika ukingo wa juu, vuta. Shika katikati, vuta. Shika ukingo wa chini, vuta. Halafu upande wa pili.

Kupima ni rahisi. Mshike mtoto mgongoni kwa mkono mmoja, inama mbele kidogo. Akiachana na kifua chako hata kwa upana wa kiganja, fungua uanze upya. Usijaribu kuongeza fundo la pili juu ya ulegevu.

Chanzo kinachofuata ni kukosa kiti. Kitambaa kinatakiwa kitoke nyuma ya goti moja hadi nyuma ya goti la pili, na kiasi cha kutosha kipite chini ya kitako na kuingia kati ya tumbo lake na lako. Magoti yawe juu kuliko kitako, kama chura aliyechuchumaa. Kitambaa kikiishia kwenye mapaja, akijinyoosha mara moja tu kinamtoka chini. Ukiona mtoto wako anafungwa vizuri halafu anasukuma miguu hadi anasimama, tazama kiti kabla ya kumwita mkorofi. Mara nyingine miguu yake inagusa mkanda au fundo lako naye anapata mahali pa kukanyagia.

Jizoeze bila mtoto. Mimi huwapa wateja mfuko wa posho wa kilo tano. Unga hausamehe: kama kuna ulegevu, unashuka palepale mbele ya watu wote. Mama mmoja alifunga ule mfuko mara sita mchana mmoja, akiwa na kichanga kimelala kwenye beseni lenye khanga chini ya meza, na mara ya sita alitembea hadi kwa muuza matunda akarudi mfuko ukiwa palepale. Ndipo alipomchukua mwanawe.

Ikiwa ufungaji ni mzuri na bado anashuka, sasa tazama kitambaa. Shika pande mbili, vuta kwa urefu, kisha kwa upana. Mbeleko ya kweli haivutiki hivyo, au inavutika kidogo mno. Sasa vuta kwa mshazari, kona kwa kona. Hapo inapaswa kukubali kidogo na kurudi. Kukubali huko kwa mshazari ndiko kunakoukumbatia mgongo wa mtoto. Kitambaa kinachovutika kila upande kama fulana kinafaa kichanga mwepesi kwa kubebwa mbele tu, na mtoto akizidi uzito kitashuka hata umkaze vipi. Kisichokubali upande wowote, kama pazia zito au kitenge kipya chenye nta, hakishuki lakini kinaacha mianya, na mianya nayo inazaa ulegevu.

Baada ya hapo ndipo uzi unahusika. Nyuzi za mianzi, zile laini zinazong'aa, hulegea mtoto anapokuwa mzito, na zikilowa jasho au mvua hupungua nguvu. Pamba na kitani ni kinyume, zikilowa zinakuwa imara zaidi. Kwa mtoto wa kilo kumi na kupanda, mchanganyiko wa pamba na kitani ndio ninaompa mtu bila kufikiri mara mbili.

Kitambaa hakitoshi, au kinaburuta

Mbeleko za kufumwa za aina hii zilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1972 na Erika Hoffmann, mama wa mapacha, na kampuni yake ikaitwa Didymos, neno la Kigiriki lenye maana ya pacha. Kwetu angeitwa Nalongo. Tangu hapo saizi zinaandikwa kwa namba: 6 ni karibu mita 4.6, na kila ukishuka namba moja unapoteza kama nusu mita. Upana huwa kati ya sentimita 60 na 75.

Mwenye mwili wa kati anayetaka kufunga msalaba wa mbele, yaani mtoto kifuani na kitambaa kikipishana juu yake, anahitaji 6. Mwembamba anaweza 5. Mnene achukue 7, asione haya, kwa sababu fundo linaloshikwa kwa ncha fupi linaishia kufunguka. Kwa mgongoni kwa mtindo wa mkoba, kitambaa kikipita mabegani kama mikanda ya mkoba wa shule, saizi 4 inaweza kutosha. Lebo ikiwa imekatwa, nyoosha mikono: toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole cha pili ni karibu na urefu wako mwenyewe. Ukijua wewe ni mita 1.6, hesabu mara ngapi.

Mabega yanawaka, shingo inauma, mkono unakufa ganzi

Angalia begani kwanza. Kitambaa kikijikunja kikawa kama kamba, kilo nane zote zinakaa kwenye mstari mmoja. Kitandaze kifunike mpira wa bega, kisikae karibu na shingo. Mkono unaokufa ganzi mara nyingi hupona kwa hatua hiyo moja.

Kisha angalia urefu anaokaa mtoto. Akining'inia usawa wa kiuno, anakuvuta nyuma nawe unajikunja mbele kupambana naye. Mgongoni, mpandishe hadi aone juu ya bega lako.

Tatu ni uzito wa kitambaa. Pima kwenye mizani ya duka, gawanya kwa urefu mara upana. Mfano, mbeleko ya mita 4.6 kwa 0.7 ni mita za mraba 3.22. Ikiwa na gramu 800, ni karibu gramu 250 kwa mita ya mraba, yaani ya kati. Chini ya 200 ni nyepesi: tamu kwa kichanga, lakini mtoto wa mwaka mmoja ataifanya ikukate bega. Zaidi ya 300 ni nzito, inabeba mzigo vizuri ila ni shida kuifunga, na ina joto. Sufu kidogo ndani ya pamba huleta ulaini begani kama godoro. Nimeipenda hiyo kuliko zote, ila joto la bondeni halinipi nafasi.

Acha, umwone mhudumu wa afya, kama ganzi inabaki baada ya kumshusha mtoto, maumivu yanateremka mguuni, unahisi uzito unasukuma chini sehemu za siri, au mkojo unakutoka ukitembea naye. Aliyejifungua kwa upasuaji asifunge chochote juu ya kidonda. Kikitoa usaha, kikinuka, au ukipata homa, hilo si jambo la mbeleko tena, nenda hospitali.

Fundo linateleza

Hapa mara nyingi mkosaji ni sabuni. Dawa za kulainisha nguo huacha mafuta juu ya uzi, uzi unateleza na haunyonyi jasho. Suuza mara mbili tatu kwa maji tupu na uiache hiyo dawa.

Kama si hilo, tazama jinsi unavyofunga: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande uleule unapata fundo linaloteleza. Hariri na mianzi huteleza kwa asili, ziachie ncha ndefu zaidi.

Ncha zenyewe zichomeke. Kwenye boda, ncha inayopepea huingia kwenye gurudumu au mnyororo kwa kufumba na kufumbua. Na tuseme wazi: mbeleko haimkingi mtoto pikipiki ikianguka. Kwenye sigiri pia, usipike mtoto akiwa kifuani. Mgongoni, ncha zikiwa zimechomekwa, ukiwa nje penye hewa, angalau miguu yake iko mbali na moto.

Anatokwa jasho, ana vipele shingoni

Gusa nyuma ya shingo yake kwa nyuma ya mkono wako. Ikiwa moto na yenye unyevu, amevaa kupita kiasi. Kila tabaka la mbeleko ni nguo. Msalaba wa mbele unamwekea matabaka matatu, na chini yake mama amemvika sweta. Mvue abaki na nepi na fulana nyepesi, kisha badili ufungaji uwe wa tabaka moja.

Mahali unapoishi panaamua uzi. Kabale penye baridi, sufu na pamba nzito zina kazi. Gulu, Arua, Moroto au Kasese, tafuta kitani na pamba nyepesi. Kitani kinanyonya jasho na kukauka upesi. Poliesta achana nayo kabisa kwa mtoto, haipumui.

Usimpake poda shingoni, anaivuta kwenye mapafu. Aliye chini ya miezi sita mnyonyeshe mara nyingi zaidi badala ya kumpa maji. Akiwa moto lakini mkavu, amelegea, au analia kilio dhaifu, rudi kwenye zile dalili za mwanzo.

Sijui hiki ni kitambaa gani

Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, ushike kwa koleo, uwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba na kitani huungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua. Poliesta inayeyuka, inaacha kishanga kigumu cheusi. Jaribu uzi wa urefu na uzi wa upana, kwa maana mara nyingi ni tofauti: pamba huku, kingine kule.

Kigumu kama gunia

Kitani kipya hivyo ndivyo kilivyo, hakina ubovu. Kifue, kipige pasi kikiwa na unyevu, kikunje, kikae chini ya shuka lako ukilalie wiki mbili. Watoto wakikigeuza bembea, waache. Usikikunje kila siku mahali palepale wala kukandamiza mikunjo kwa pasi, nyuzi za kitani huvunjika kwenye mkunjo wa kudumu.

Jipu lenye kitundu katikati

Hili ni la kwetu, na watengenezaji wa mbeleko kule Ulaya hawaliandiki kwenye lebo zao. Mama anakuja na mtoto mwenye majipu mawili kitakoni, mekundu, kila moja na kitundu kidogo juu, na mara nyingine kitundu kinatikisika. Anafikiri kitambaa kimemdhuru ngozi, uzi una sumu. Huyo ni nzi wa maembe. Anataga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa, na kwenye udongo. Mayai yanaanguliwa ndani ya siku chache, funza anaingia kwenye ngozi iliyokaribu, na mbeleko ndefu kuliko zote nyumbani ndiyo inayoanikwa juu ya ua au kutandazwa kwenye nyasi kwa sababu kamba haitoshi.

Kinga yake ni pasi ya moto, pande zote mbili, na zaidi kwenye pindo na mikunjo ambako unyevu hukaa. Pamba na kitani zinavumilia pasi ya makaa bila wasiwasi. Shida ni michanganyiko. Hariri na mianzi zinataka moto mdogo, sufu inataka kitambaa chenye maji juu yake, na poliesta inayeyuka. Kwa hizo nakushauri usianike nje kabisa: itundike ndani, penye dirisha, na chandarua juu yake mpaka ikauke kabisa. Ndiyo sababu nyingine ninayowapendelea akina mama wa huku pamba na kitani. Kitambaa ambacho hakiwezi kupigwa pasi ya moto kinakuongezea kazi.

Mtoto akishapata, usikamue kwa nguvu. Funza akipasukia ndani, jipu linachafuka. Kwa mtu mzima watu hufunika kitundu kwa mafuta mazito ya kujipaka mpaka funza akose hewa ajitokeze. Kwa mtoto mchanga, au jipu likiwa karibu na jicho, au wekundu ukitambaa na homa ikaja, mwachie mhudumu wa kituo cha afya.

Kimetoka majini kingine kabisa

Mteja wangu mmoja alinunua mbeleko ya sufu na pamba, ya kijani kibichi. Akaichemsha kwenye sufuria pamoja na nepi, akaisugua kwa sabuni ya mche kama anavyosugua sare za shule. Alipoileta ilikuwa nene kama mkeka, urefu umebaki wa kanga, na ukiikunja inasimama. Sufu ina magamba madogo sana. Joto, msuguano na sabuni kali huyafanya yashikane na hayaachiani tena. Haina tiba. Tulikata tukatengeneza zulia la mtoto kukalia.

Sufu: maji baridi, shampoo kidogo ya nywele, kandamiza bila kusugua, usikamue, vingirisha ndani ya taulo. Hariri vivyo hivyo, na ianike kivulini, jua linaichosha. Mianzi, ishike kwa mikono miwili ikiwa imelowa, isining'inie kwa uzito wake. Pamba na kitani zinafuliwa kama shuka, ila zitapungua kidogo mara ya kwanza, kwa hiyo ifue kabla ya kupima urefu. Jiki usitie kwenye sufu wala hariri, inaziyeyusha.

Kinanuka dawa ya kabatini

Vile vidonge vyeupe vya naftalini vya kufukuza nondo huwekwa kwenye sufu na kwenye mizigo. Wengi hawajui hatari yake. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, jambo la kawaida katika nchi zenye malaria kama yetu, na mvuke wa naftalini unaweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu. Mbeleko inayonuka hivyo isimguse mtoto. Ifue, itundike penye upepo siku nyingi, ifue tena, na ikiendelea kunuka iache. Macho ya mtoto yakigeuka manjano, mkojo ukawa wa rangi ya chai, au viganja vikapauka, ni hospitali mara moja, na uwaambie kuhusu naftalini bila kuulizwa.

Alama miguuni

Mistari myekundu nyuma ya magoti inayofutika ndani ya dakika chache ni mikunjo tu, tandaza kitambaa. Mguu wa baridi, uliovimba au uliobadilika rangi: fungua. Na kama paja moja halifunguki kama jingine unapombadilisha nepi, au mguu mmoja unaonekana mfupi, usimlazimishe akae kama chura. Hiyo ni nyonga, na nyonga ni ya daktari.

Uzi umetoka, kuna tundu

Uzi uliovutika ukafanya kitanzi: usikate. Chukua sindano butu, urudishe kidogokidogo kwenye nyuzi za jirani mpaka kitanzi kiishe. Ukikata, umeanzisha tundu.

Kwa mbeleko ya mivumba, itandaze dirishani au mbele ya taa, uipite mita kwa mita kwa macho na kwa vidole. Unatafuta mahali pembamba panapopitisha mwanga kuliko pengine, uzi uliokatika, pindo lililofumuka. Pindo mpe fundi cherehani, ni kazi ndogo. Uzi mmoja uliokatika unaweza kushonewa na fundi anayejua kutarizi. Lakini mstari mwembamba unaokata katikati, palepale ambapo kitambaa kingepita chini ya kitako, au panapochanika ukipavuta kwa mikono yako miwili, haushonwi. Kata hapo. Kipande kirefu kikibaki mita mbili na nusu au zaidi, kitafaa kubebea ubavuni mtoto anayekaa mwenyewe. Kifupi zaidi ya hapo, mpe binti yako abebee mwanasesere.